Carl Seyfert na fumbo la vitovu ving'aavyo

Carl Seyfert, mwanaastronomia aliyezaliwa Cleveland, Marekani, mwaka wa 1911, alifariki katika ajali ya gari mjini Nashville mnamo Juni 1960, kabla ya fumbo aliloliibua kuteguliwa.

Mwaka wa 1943 alichapisha utafiti kuhusu galaksi sita ambazo vitovu vyake viling'aa kupita kiasi. Galaksi za aina hiyo zingali zikiitwa kwa jina lake. Huko Nashville aliwahimiza wenyeji kuchanga, na kituo cha Dyer cha kutazamia nyota kikafunguliwa mwaka wa 1953.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilinasa miali ya eksirei kutoka NGC 4151, mojawapo ya zile sita.

Wakati huo wataalamu walizigawa galaksi hizo makundi mawili: baadhi zilionyesha gesi iendayo kasi mno kitovuni, nyingine hazikuionyesha. Mwaka wa 1985, Robert Antonucci na Joseph Miller walichunguza mwanga ulioakisiwa ndani ya NGC 1068, nayo pia miongoni mwa zile sita, wakaikuta gesi hiyo imefichika.

Fundi wa Changamwe akiweka taa katikati ya tairi la lori, anayetazama kupitia tundu huiona. Aliye ubavuni huona mpira tu. Vivyo hivyo, shimo jeusi lililo kitovuni limezungukwa na pete nene ya vumbi. Kwa hiyo, tofauti nyingi zilizowatatiza wataalamu zilitokana na upande tunaozitazamia galaksi hizo kutoka duniani.