Bunsen na Chemchemi Irushayo Maji

Katika kisiwa cha Iceland, kilicho mbali upande wa kaskazini wa Ulaya, iko chemchemi ya maji ya moto iitwayo Geysir. Siku hizi huweza kunyamaza kwa miaka mingi, lakini zamani ilijulikana kwa ajabu yake. Ilikuwa ikikaa kimya, kisha ardhi ikanguruma, na mara maji yachemkayo yakaruka juu kama nguzo, yakizungukwa na wingu la mvuke. Watu walistaajabu, wasijue ni nguvu gani iyarushayo. Mtu aliyeifumbua siri hiyo ni Robert Bunsen.

Bunsen alizaliwa mwaka 1811 katika mji wa Göttingen, katika nchi iitwayo leo Ujerumani. Baba yake alikuwa akifundisha lugha katika chuo kikuu cha mji huo. Mtoto mwenyewe alipenda kemia, yaani elimu ya asili ya vitu na jinsi vinavyoungana. Alikuwa na bidii nyingi, hata akapata shahada ya udaktari alipokuwa na umri wa miaka 19 tu.

Kazi yake haikuwa bila hatari. Kwa muda wa miaka kadhaa alichunguza vitu vyenye sumu kali ya aseniki. Siku moja chombo kilipasuka, na kigae cha kioo kikamwingia katika jicho la kuume, likapofuka. Tena sumu ile ilimwuguza sana, akawa karibu ya kufa. Lakini alipopona hakuiacha elimu, akaendelea na kazi kwa jicho lake moja.

Mwaka 1845 mlima wa moto uitwao Hekla ulilipuka katika Iceland. Mwaka uliofuata Bunsen akasafiri kwenda huko pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa Descloizeaux wa Ufaransa. Wakakusanya mawe na hewa zitokazo katika nyufa za ardhi, kisha wakafika Geysir.

Wakati ule wataalamu wengine walidhani ya kuwa chini ya chemchemi ile lazima liwepo pango kubwa lililojaa mvuke, nao ndio usukumao maji. Bunsen hakutaka kukisia. Chemchemi ile ina shimo lililosimama wima kama kisima, lenye kina cha zaidi ya mita 20. Basi yeye na Descloizeaux wakateremsha vipimajoto kwa kamba, wakapima maji ya juu, ya katikati na ya chini. Wakapima tena na tena, hata dakika chache tu kabla ya maji kuruka. Ilikuwa kazi ya kuhatarisha maisha, maana maji yale humchoma mtu papo hapo.

Waliyoyaona yalikuwa ya ajabu. Maji ya chini yalikuwa na joto la zaidi ya digrii 120, wala hayakuchemka, ingawa maji ya sufuriani huchemka yafikapo digrii 100. Bunsen akaitambua sababu. Maji ya chini yamelemewa na uzito wa maji yote yaliyo juu yake, na maji yaliyolemewa hivyo hayachemki mpaka yapate joto kubwa zaidi.

Basi mvuke utokao chini ukiyainua maji ya katikati kidogo tu, yanafika mahali ambapo uzito ni mdogo. Hapo joto lile lile linatosha kuyachemsha, nayo hugeuka mvuke kwa ghafula na kuyatupa nje maji ya juu. Uzito ukiisha kupungua, maji ya chini nayo huchemka mara moja, ndipo nguzo yote huruka. Kisha maji hujaa tena polepole, hupata joto, na mambo huanza upya. Hivyo pango halikuwa la lazima. Baadaye wataalamu wameona kwamba baadhi ya chemchemi za namna hii zina vyumba vya pembeni vinavyokusanya mvuke, lakini habari ya uzito na joto imesimama hata leo. Bunsen alionyesha pia ya kuwa maji yale asili yake ni mvua na theluji zilizopenya ardhini.

Aliporudi kwao aliendelea kufundisha. Tangu mwaka 1852 alikaa Heidelberg, na mwaka 1855 akatengeneza kichomeo kijulikanacho kwa jina lake mashuleni. Mwaka 1860 yeye na mwenzake Kirchhoff walichunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim, wakagundua humo metali mpya, ndiyo sesiamu. Ili kuipata kidogo tu, Bunsen alilazimika kushughulikia zaidi ya tani 40 za maji.

Bunsen alifariki mwaka 1899, mwenye umri wa miaka 88. Jambo alilolieleza lingali likifanya kazi. Huko Olkaria, katika Kenya, maji ya moto hupanda katika visima virefu, uzito hupungua, nayo hugeuka mvuke. Tangu mwaka 1981 mvuke huo unaendesha mitambo ya umeme. Wengi waliitazama Geysir wakastaajabu; Bunsen alistaajabu pia, lakini akateremsha kamba akapima.