Alan Freed: Mtangazaji aliyekataa kutia sahihi akamwaga unga

Mnamo Novemba 1959, wakuu wa kituo cha redio cha WABC jijini New York, Marekani, walimkabidhi mtangazaji wao mashuhuri karatasi wakimtaka aitie sahihi. Karatasi hiyo ilikuwa kiapo kwamba hajawahi kupokea pesa wala zawadi ili apige santuri ya mtu hewani. Alan Freed alikataa, akishikilia kwamba kutakiwa kuapa hivyo ni kumvunjia heshima. Novemba 21 alipigwa kalamu. Siku chache baadaye, kipindi chake cha dansi katika runinga nacho kikafika kikomo. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Haikuwa mara yake ya kwanza kujikuta nje ya studio. Alizaliwa Desemba 15, 1921, katika mji wa Windber, jimbo la Pennsylvania, akakulia Salem katika jimbo la Ohio, ambako alipuliza tromboni katika bendi ya shule. Alianza utangazaji katika vituo vidogo vya miji ya viwanda, na kufikia 1945 alikuwa Akron katika kituo cha WAKR, ambako vijana walimpenda mno. Alipotaka kuhamia kituo pinzani mjini humo, waajiri wake walikimbilia mahakamani na kandarasi mkononi. Mahakama ilimzuia kutangaza redioni kwa mwaka mzima ndani ya umbali wa maili 75, yaani takriban kilomita 120, kutoka Akron.

Kwa mtu asiyejua kazi nyingine ila kuzungumza, mwaka huo ulikuwa mrefu. Alijishikiza katika kituo cha runinga cha WXEL mjini Cleveland, akawa mtu wa kutambulisha filamu za mchana. Alikuwa mtangazaji wa sauti aliyelazimishwa kuwa wa sura, na kazi hiyo haikumkaa vyema.

Aliyemnusuru ni mfanyabiashara mmoja, Leo Mintz, mwenye duka la santuri mjini Cleveland. Mintz alikuwa ameona jambo ambalo wakuu wa redio hawakuliona: vijana wa Kizungu walikuwa wakimiminika dukani kununua muziki wa watu Weusi, muziki ambao vituo vikubwa viliubagua. Alimshawishi Freed aupige usiku katika kituo cha WJW, naye akaanza Julai 1951, akijiita Moondog. Aligonga meza kwa kufuata mdundo na kupiga kelele kana kwamba yuko ngomani. Muziki wenyewe aliuita rock and roll, jina ambalo hakulibuni yeye ila ndiye aliyelisambaza.

Machi 21, 1952, aliandaa tamasha katika ukumbi wa Cleveland Arena uliotoshea watu 10,000 hivi. Inakadiriwa kwamba waliofika walikuwa mara mbili ya idadi hiyo, milango ikavunjwa na tamasha likasitishwa likiwa changa. Wengi walitarajia angefutwa kazi. Badala yake aliomba radhi hewani na wasikilizaji wakazidi.

Septemba 1954 alihamia WINS, New York. Jina la Moondog alinyang'anywa na mahakama, kwani lilikuwa la Louis Hardin, mwanamuziki kipofu aliyepiga muziki barabarani katika jiji hilo. Halikumpunguzia umaarufu. Mei 1958 vurugu zilizuka baada ya tamasha lake mjini Boston, akashtakiwa kwa uchochezi. Waajiri wake hawakusimama naye, akaondoka na kuangukia WABC, huku mashtaka hayo yakija kutupiliwa mbali baadaye.

Je, alipokea mlungula? Naam, alipokea, na hakuna haja ya kumtakasa. Hata wimbo wa Chuck Berry uitwao Maybellene, uliotoka 1955, ulisajiliwa kwa jina lake pia kana kwamba alishiriki kuutunga. Lakini desturi hiyo ilikuwa imezagaa kote katika tasnia, na sheria ya taifa ya kuiharamisha waziwazi ilipitishwa 1960, yeye akiwa amekwisha kutimuliwa. Mwenzake, Dick Clark, alitakiwa kuachana na biashara zake za muziki. Alikubali na akabaki runingani kwa miongo kadhaa. Freed hakuwa na wa kumtetea miongoni mwa wakubwa, na ulimi wake haukumsaidia.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ya kufungasha na kufungua virago. Mwaka 1960 alipata kazi KDAY, Los Angeles. Waajiri walipomkatalia kuandaa matamasha, aliondoka. Akarudi New York kuongoza maonyesho ya dansi ya twisti, na wimbi hilo lilipopoa akaenda WQAM, Miami, mwaka 1962. Huko alidumu miezi miwili tu. Kati ya kituo na kituo kulikuwa na mawakili wa kulipwa, watoto wa kulishwa na chupa ya pombe.

Desemba 1962 alikiri mashtaka mawili ya kupokea hongo ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300 na kupewa kifungo cha nje. Faini ilikuwa ndogo, ila kukiri kwenyewe kulizidi kumfungia milango. Alipata kibarua kifupi katika kituo cha KNOB, Long Beach, mwaka 1964. Mwaka huo huo alishtakiwa kwa kukwepa kodi, serikali ikidai dola 37,920 kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na mshahara.

Kesi hiyo haikusikizwa. Alifariki Januari 20, 1965, mjini Palm Springs, California, akiwa na umri wa miaka 43, maini na figo vikiwa vimechakaa.

Mwaka 1986 aliingizwa katika orodha ya kwanza ya mashujaa wa rock and roll, na jumba la makumbusho la muziki huo likafunguliwa Cleveland mwaka 1995. Majivu yake yalihamishiwa humo mwaka 2002 kutoka makaburi ya New York. Mwaka 2014 wasimamizi wa jumba waliitaka familia iyaondoe. Yalizikwa katika makaburi ya Lake View, mjini humo humo, chini ya jiwe lililochongwa kwa umbo la mashine ya kuchezea santuri.