Nikola Tesla: Aliyetaka Stima Ipite Hewani

Mwaka huu nimeonelea niwasimulie habari za Nikola Tesla, jamaa aliyetaka kuwapa watu stima bila nyaya wala milingoti.

Tesla alizaliwa mwaka wa 1856 kijijini Smiljan, katika nchi ambayo leo ni Kroatia. Babake alikuwa kasisi. Mwaka wa 1884 alivuka bahari hadi New York, akamfanyia Edison kazi kwa muda mfupi, kisha akashika njia yake. Sifa zake za umeme wa mkondo geu zimo vitabuni. Mimi kilichonivutia ni mambo ya mwaka wa 1899.

Mwaka huo alijenga maabara kule Colorado Springs, penye radi nyingi, akatengeneza koili kubwa ajabu. Siri yake ni kama ya bembea: ukimsukuma mtoto kidogo kidogo, lakini kwa wakati ufaao, atapaa juu. Tesla aliusukuma umeme vivyo hivyo, maelfu ya mara kwa sekunde, hadi ukafika mamilioni ya volti. Cheche ziliruka mita kadhaa zikinguruma. Siku moja jenereta ya kampuni ya stima ya mji ule ikaungua! Naye akazidi kuamini kwamba ardhi yenyewe itabeba umeme, na mtu popote alipo auteke kama maji ya kisima.

Mwaka wa 1901 tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000 ajenge mnara pale Wardenclyffe, karibu na New York. Morgan alitaka kutuma habari ng'ambo, si stima. Kumbe Desemba hiyo hiyo Marconi akavusha ishara ya redio Atlantiki kwa mitambo rahisi zaidi! Tesla alipoomba pesa nyingine ili asambaze umeme, akanyimwa. Mnara ulibomolewa mwaka wa 1917 kabla ya kukamilika.

Wengi humlaumu Morgan, eti alihofia stima isiyo na mita. Mimi siafikiani nao. Umeme ukiachiliwa hutawanyika, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopungua. Leo simu huchajiwa bila waya, lakini sharti ilazwe juu ya chaja. Ukiinyanyua tu, basi. Hata Morgan angemwaga mali yake yote pale, taa za ng'ambo zisingewaka.

Kinachoniuma ni uzee wake. Aliishi mahotelini, deni juu ya deni, akiwalisha njiwa, akafa peke yake Januari 1943. Mwaka wa 1960 wanasayansi wakakipa kipimo cha uga wa sumaku jina lake, ile T mnayoiona katika vitabu vya fizikia.