Livingstone na Swali la Namba Iliyo Kubwa

Wanachuo wengi humjua David Livingstone kwa mwembe wa Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871. Sisi twamtazama hapa kama mtu aliyekabiliwa na swali la hesabu: kati ya namba mbili zisizojulikana barabara, ipi kubwa?

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akaingia kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 10, akasoma usiku hata akawa daktari na mmisionari. Alipofika Ujiji mara ya kwanza, Machi 1869, alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Aliamini kwamba maji ya Tanganyika na ya Ziwa Albert ni mamoja. Lakini Speke, kwa kupima joto la maji yanayochemka, alikuwa amepata mwinuko wa futi 1,844 kwa Tanganyika, na Baker futi 2,720 kwa Albert. Maji yangepandaje? Kumbe vipimo vyote viwili vilikuwa na makosa, na mpango wake umepinduka: Tanganyika liko meta 773 hivi juu ya bahari, na Albert meta 619 hivi.

Hata hivyo kuwa juu hakutoshi. Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini, wakaona Mto Rusizi ukiingia ziwani, wala hautoki. Wenyeji wa Uvira walikwisha kuwaeleza hayo Burton na Speke mwaka 1858.

Wanafunzi wa darasa la tano waweza kuuonja ugumu huu kwa mchezo. Watoto wawili waandike namba mbili tofauti katika karatasi zilizokunjwa. Moja ifunuliwe kwa bahati tu, na darasa likisie kama ndiyo kubwa. Asemaye ndiyo kila mara hupata karibu nusu. Mwingine achague kizingiti kabla ya kufunua, tuseme 40: namba ikizidi 40 aiite kubwa, isipozidi aiite ndogo. Kizingiti kikiangukia kati ya zile mbili, hakosi. Kisipoangukia, bado ana nusu yake. (Watoto hubisha sana hapa. Waachwe wajaribu mara mia na kuhesabu.)

Livingstone alikosa kizingiti. Mwaka 1871 alikuwa ameufikia Mto Lualaba huko Nyangwe, akaamini ndio Nile, na kwa imani hiyo akarudi tena porini, mgonjwa, badala ya kwenda nyumbani na Stanley. Alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hadi Bagamoyo.

Mwaka 1874 Cameron alipita Ujiji, akazikuta karatasi za marehemu, akazipeleka Uingereza. Kisha akapima mwinuko wa Lualaba pale Nyangwe na kuulinganisha na ule wa Nile pale Gondokoro. Lualaba ulikuwa chini. Ulikuwa mto wa Kongo.