Chamberland, msaidizi aliyefunikwa na kivuli

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa ni nani aliyewaonyesha walimwengu kwamba maradhi huletwa na viini, atajibu bila kusita kuwa ni Louis Pasteur. Jawabu hilo tunalipigia alama ya vyema, nasi walimu tunasonga mbele. Hata hivyo, katika maabara ya Pasteur mjini Paris alikuwamo mtu ambaye jina lake ni nadra kutajwa madarasani: Charles Chamberland.

Alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Chilly-le-Vignoble, eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa, ambako ndiko alikotoka Pasteur pia. Alisomea École normale supérieure, chuo mashuhuri cha kuwaandaa walimu, kisha akawa msaidizi wa Pasteur. Tasnifu yake ya mwaka wa 1879 ilithibitisha kuwa kuchemsha pekee hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha vijimbegu vinavyostahimili nyuzi 100. Ilibidi mvuke ufungiwe ndani ya chombo hadi joto lipite nyuzi 115. Hicho ndicho chanzo cha otoklevu, mtambo unaotakasa vifaa vya upasuaji hadi leo.

Mwaka wa 1881 likaja jaribio la Pouilly-le-Fort. Kondoo 24 walichanjwa dhidi ya kimeta, wengine 24 wakaachwa, kisha wote wakatiwa viini vikali. Wale ambao hawakuchanjwa waliangamia, na sifa za Pasteur zikaenea kote. Umma uliachwa uamini kwamba chanjo hiyo ilitengenezwa kwa njia ya Pasteur ya kuvidhoofisha viini kwa hewa. Madaftari ya maabara, yaliyochambuliwa miongo mingi baadaye, yanaonyesha kuwa chanjo iliyotumika ilikuwa ya Chamberland, naye alikuwa ametumia kemikali iitwayo daikromati ya potasiamu. Simkani Pasteur ukubwa wake. Lakini jambo hilo halikuwa la haki, na sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi.

Kazi iliyobeba jina lake mwenyewe ni chujio alilolitangaza mwaka wa 1884. Ni mrija wa kauri isiyong'arishwa, wenye umbo la mshumaa na uwazi ndani. Maji husukumwa kwa shinikizo kutoka nje, yakapenya vinyweleo vya kauri, na bakteria wakabaki ukutani. Nyakati hizo homa ya matumbo ilikuwa ikiua watu wengi mijini, na chujio hilo likaingia majumbani. Lilihitaji bidii, maana lisiposuguliwa na kuchomwa motoni mara kwa mara, viini huota ndani ya vinyweleo na kutokeza upande wa pili. Tena halizuii kitu kilichokwisha kuyeyuka. Wakazi wa Nakuru wanaifahamu floridi inayoyatia meno rangi ya kahawia. Kauri tupu haina la kuifanya.

Ajabu ni kwamba yale yaliyopenya ndiyo yaliyoileta elimu mpya. Mwaka wa 1888 Roux na Yersin walichuja mchuzi wenye viini vya dondakoo. Kioevu kilichotoka hakikuwa na bakteria hata mmoja, lakini bado kiliwaua wanyama, na hapo ikajulikana kuwa bakteria huyo hutoa sumu. Mwaka wa 1892 Ivanovsky, huko Urusi, aliyapitisha katika kauri maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa, nayo yakaendelea kuambukiza. Alidhani huenda chujio lilikuwa na ufa. Beijerinck wa Uholanzi alirudia jaribio hilo mwaka wa 1898, akakataa katakata kuwa ni bakteria, akakiita kitu hicho virusi.

Chamberland mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa mbunge wa Jura kuanzia mwaka wa 1885 hadi 1889, na Taasisi ya Pasteur ilipofunguliwa mwaka wa 1888 alipewa idara ya viini na usafi wa afya. Alifariki mjini Paris mwezi wa Mei 1908, akiwa na umri wa miaka 57. Virusi vya tumbaku vilivyopenya katika chujio lake havikuonekana kwa jicho la binadamu hadi mwaka wa 1939, chini ya hadubini ya elektroni.