Mwezi Gisabo: mwami aliyeacha ngoma isiyo na bei

Na Mwandishi Wetu

Katika biashara ya vitu vya kale, jina ndilo bei. Ngoma ya mti na ngozi ya ng'ombe ikiuzwa kama ngoma tu, mnunuzi atatoa pesa ya kawaida na kuondoka. Ngoma hiyo hiyo ikisemwa kwamba ilipigwa mbele ya mwami, bei inapanda mara nyingi, na kama kuna mnada Ulaya wa vitu vya Afrika inaweza hata kuingizwa humo. Kwa upande wa Burundi, jina linalopandisha bei kuliko mengine yote ni la Mwezi Gisabo. Ndiyo maana wafanyabiashara wanaopita Gitega na Muyinga wanapaswa kumfahamu mtu huyu, maisha yake, na kwa nini baadhi ya vitu vya zama zake havina muuzaji halali.

Mwezi Gisabo, ambaye pia aliitwa Bikata-Bijoga, alikuwa mtoto wa mwami Ntare Rugamba, mtawala aliyepanua mipaka ya Burundi kuliko waliomtangulia. Alirithi ufalme karibu mwaka 1850 akiwa bado mdogo, na kaka yake kwa baba, Ndivyariye, akashika madaraka kwa niaba yake. Jina Gisabo linafanana na igisabo, neno la Kirundi la kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, chombo ambacho leo kinauzwa kwa watalii pamoja na vikapu na mikuki.

Mtoto alipokua alitaka madaraka yake, na Ndivyariye hakuwa tayari kuyaachia. Ugomvi wao uliishia vitani na Ndivyariye akauawa. Tangu hapo ukoo wa kifalme ukagawanyika makundi mawili: Abatare, waliotokana na Ntare, na Abezi, waliotokana na Mwezi. Mgawanyiko huo ulidumu hadi siasa za karne ya 20.

Gishora na ngoma zake

Vita vingine ndivyo vilivyoacha kitu ambacho mgeni anaweza kukiona hadi leo. Masimulizi ya Burundi yanaeleza kwamba Mwezi alipopambana na chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, alipata hifadhi katika kilima cha Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega. Baada ya kushinda alijenga makazi yake hapo, na kwa shukrani akawaachia wenyeji ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Majina hayo yanahusu kufyeka msitu na kulima, yaani kazi zinazofanywa kwa ajili ya mwami. Familia za wapiga ngoma wa Gishora zimeendelea kurithishana kazi hiyo baba kwa mwana.

Msomaji wa Kiswahili anahitaji kuelewa jambo moja la lugha. Kwa Kirundi, neno ingoma lina maana ya ngoma ya kupigwa, na wakati huo huo lina maana ya ufalme na utawala. Juu ya ngoma zote ilikuwapo Karyenda, ngoma ya ufalme wenyewe. Ilitolewa wakati wa umuganuro, sikukuu ya kila mwaka ya mbegu za mtama, ambapo mwami aliruhusu kupanda kuanze. Mwami bila Karyenda alikuwa kama mtu wa kawaida mwenye ng'ombe wengi. Hivyo aliyeuliza bei ya ngoma ya namna hiyo alikuwa anauliza bei ya nchi.

Misafara iliyozuiwa

Mwezi alitawala wakati ambapo misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imeshafika Ziwa Tanganyika. Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa soko la pembe za ndovu na watumwa. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara, na chumvi ya Uvinza ilienda kila upande. Mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa silaha katika miaka ya 1880. Majeshi ya Mwezi yalimzuia. Bidhaa za pwani ziliingia kidogo kidogo kupitia masoko ya mipakani, lakini nyanda za juu za Burundi hazikugeuzwa kuwa njia ya misafara ya watumwa kama ilivyotokea kwa majirani wengi.

Mzungu wa kwanza kuivuka nchi yenyewe alikuwa Oscar Baumann kutoka Austria, aliyeingia akitokea upande wa mto Kagera mnamo Septemba 1892. Wananchi walimpokea kwa shangwe kubwa wakidhani ni Mwezi amerudi, naye akaamini kwamba nchi ile haina mfalme tena. Mwezi alikuwa hai, isipokuwa hakuwa mtu wa kujionyesha kwa wageni. Baumann alikuwa mkusanyaji mkubwa, na vitu vingi alivyovichukua Afrika Mashariki viko katika makumbusho ya Vienna. Hapo ndipo ulipoanzia mtiririko wa vitu vya eneo letu kwenda Ulaya, wakati mwingine kwa kununuliwa, wakati mwingine kwa zawadi, na wakati mwingine kwa mtutu wa bunduki.

Ng'ombe 424

Miaka hiyo hiyo sotoka ilipita na kuua ng'ombe kwa wingi katika Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua kituo cha jeshi Usumbura, mji unaoitwa Bujumbura leo. Wamisionari wa White Fathers walijenga Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Mwezi hakuwataka. Alikataa kwenda kuwasalimu maofisa wa Kijerumani na hakukubali kwamba nchi yake imegawiwa na watu waliokaa mbali.

Mwaka 1903 kapteni Robert von Beringe aliamua kumvamia. Alisaidiwa na Warundi wawili waliokuwa na ugomvi na mwami: Maconco, mkwe wa Mwezi, na Kilima, aliyeshikilia sehemu ya kaskazini magharibi. Makazi ya mwami yalichomwa moto naye akakimbia kutoka kilima kimoja hadi kingine. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alilazimika kukubali mkataba. Alitambua utawala wa Ujerumani, akaahidi kutowasumbua wamisionari wala misafara, akawatambua Maconco na Kilima, na akatozwa faini ya ng'ombe 424. Kwa nchi iliyokuwa imepoteza mifugo kwa sotoka miaka kumi tu nyuma, faini hiyo ilikuwa nzito kweli kweli.

Jina la von Beringe linajulikana duniani kwa sababu nyingine. Oktoba 1902, akiwa katika milima ya Virunga, alimpiga risasi sokwe mkubwa na kupeleka mabaki yake Berlin. Wataalamu wakamwandika mnyama huyo kwa jina lake, na hadi leo sokwe wa milimani anaitwa kwa kisayansi beringei. Ndivyo kazi ya mkusanyaji ilivyokwenda zama hizo: aliyechukua ndiye aliyeandikwa, na aliyechukuliwa hakuulizwa.

Hata hivyo Mwezi hakumalizika Kiganda. Wakubwa wa von Beringe hawakupenda siasa yake ya kuvunja ufalme, kwa kuwa waliona ni rahisi zaidi kutawala kupitia mwami mmoja. Mwaka 1905 walimtambua Mwezi kuwa mwami wa Burundi yote. Maconco aliuawa mwaka huo, naye Kilima akaondolewa. Mzee aliyekuwa akikimbizwa vilimani alirudi kuwa mkuu wa nchi, ingawa sasa chini ya bendera ya wengine. Alifariki Agosti 1908 baada ya kutawala zaidi ya nusu karne, na mwanawe Mutaga akashika nafasi yake.

Vitu vilivyobaki

Mwaka 1911 alifika Hans Meyer, Mjerumani aliyepanda kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Alitembea Burundi na baadaye akachapisha kitabu kikubwa kuhusu Warundi. Mwaka 1912 Wajerumani walianzisha Gitega kuwa makao yao ya utawala. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na vitu zaidi vikasafiri kwenda Ubelgiji. Umuganuro uliadhimishwa kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Mwaka 1955 ilifunguliwa makumbusho ya taifa mjini Gitega, ikahifadhi vyombo, silaha, mapambo na picha za zama za wafalme.

Karyenda ilionekana tena kwa njia nyingine. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 ngoma hiyo iliwekwa katikati ya bendera. Ufalme ulipofutwa Novemba 1966, ngoma ikatolewa. Wakusanyaji wa stempu na noti za zamani wanavitafuta sana vitu vya miaka hiyo michache vyenye maandishi ya Ufalme wa Burundi. Hiyo ni biashara isiyo na matatizo. Stempu ilitengenezwa iuzwe, na noti ilitengenezwa ipite mkono hadi mkono.

Ngoma ya ibada ni jambo jingine. Sheria ya Burundi ya mwaka 1983 inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, jumuiya ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, inavihesabu vitu vya kihistoria miongoni mwa bidhaa zenye masharti. Tanzania nayo ina sheria yake ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba maonyesho ya ngoma yanahitaji kibali na malipo, na kwamba wanawake wasiipige. Sehemu hiyo ya mwisho ilizua mjadala mkubwa.

Somo kwa wafanyabiashara

Gitega umekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na wageni wanaongezeka. Muyinga, uliomo katika mkoa wa Buhumuza tangu mipaka ya mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025, ndio mji wa mwisho mkubwa kabla ya kufika Kobero na kuvuka kwenda Kabanga, wilaya ya Ngara. Mzigo wowote wa vitu vya sanaa unaopita njia hiyo utaulizwa maswali.

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, tofautisha vitu viwili. Ngoma mpya, iliyochongwa kwa mti wa umuvugangoma na kuwambwa ngozi na fundi anayejulikana, ni bidhaa halali. Nunua, chukua risiti, andika jina la fundi na mwaka, na uiuze kwa jina lake la kweli. Lakini ukiletewa ngoma chakavu na kuambiwa ilitoka kwa Mwezi Gisabo, kuna mambo mawili tu. Ama ni uongo, na wewe utakuwa umenunua moshi wa jikoni uliopakwa juu ya ubao mpya. Ama ni kweli, na hapo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza. Dalali wa mnada siku hizi anataka karatasi zinazoonyesha kitu kilitoka wapi, lini na kwa idhini ya nani, na jina kubwa bila karatasi linaweza kukufikisha polisi badala ya benki.

Mwezi Gisabo alitozwa ng'ombe 424 akalipa, maana ng'ombe huzaa wengine. Ufalme wake ulikuwa ndani ya ngoma, na ngoma hiyo hakuiweka sokoni. Wajukuu wa wapiga ngoma wake bado wapo Gishora, na anayetaka kuisikia sauti yake anaweza kupanda kilima akalipa kiingilio, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu bila hasara yoyote.