Maisha ya Bibi Anne Sullivan, Mwalimu wa Mtoto Mmoja

Kila likizo inapokaribia, mabwenini kwetu huzuka mazungumzo juu ya masomo ya ziada, au tuisheni kama wengi tuyaitavyo. Huyu husema kwao amepatikana mwalimu hodari wa hesabu; yule husema baba yake ameuza mbuzi ili apate fedha za kumlipa mwalimu wa Kiingereza. Fedha hizo hazipatikani kwa urahisi, na siku za mwanafunzi zikipotea hazirudi. Kwa hiyo si mzaha kuuliza mwalimu mwema wa kumfundisha mwanafunzi nyumbani ni wa namna gani. Mimi naona jibu zuri limo katika maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Anne Sullivan. Watu wengi wamelisikia jina la mwanafunzi wake, Helen Keller, lakini mwalimu mwenyewe hawamjui sana. Nitasimulia habari zake kwa kadiri ya nafasi niliyopewa katika gazeti letu.

Anne alizaliwa tarehe 14 Aprili, 1866, mahali paitwapo Feeding Hills katika jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa maskini waliohamia huko kutoka Ayalandi. Alipokuwa na umri wa yapata miaka mitano alishikwa na ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao sisi tunaujua kwa jina la vikope, na macho yake yakaharibika asiweze kuona ila kwa shida. Mama yake alifariki Anne akiwa bado mdogo, na baba yake hakuweza kuwalea watoto. Mwezi wa Februari, 1876, Anne na mdogo wake wa kiume, Jimmie, walipelekwa katika nyumba ya maskini ya serikali huko Tewksbury. Jimmie alikuwa mgonjwa, na haikupita miezi mingi akafa. Anne akabaki peke yake miongoni mwa wagonjwa na wazee, hana shule wala kitabu, na hata kama angekuwa na kitabu asingeweza kukisoma.

Mwaka wa 1880 wakaguzi walifika kuitazama nyumba ile. Anne aliwafuata, akamsihi mkubwa wao ampeleke shule. Ombi lake lilikubaliwa, na mwezi wa Oktoba mwaka ule akaingia shule ya wasioona ya Perkins, mjini Boston. Alikuwa na miaka 14, na hakujua kuandika hata jina lake. Wenzake walimcheka, naye alikuwa mkali wa maneno, akagombana na walimu mara nyingi. Lakini alijifunza kwa bidii isiyo kifani. Macho yake yalipasuliwa na madaktari akapata nafuu, hata akaweza kusoma kidogo kwa macho. Pale shuleni aliishi mama mmoja, Laura Bridgman, asiyeona wala kusikia, ambaye alizungumza na watu kwa herufi za vidole. Katika herufi hizo kila herufi ina umbo lake la vidole, na msemaji huzifanya moja moja katika kiganja cha mwenziwe. Anne akajifunza herufi hizo. Mwaka wa 1886 alimaliza shule akiwa wa kwanza katika darasa lake. Hivyo, yule aliyeingia hajui herufi moja alitoka mbele ya wote katika muda wa miaka sita.

Wakati huo, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, alikuwako Kapteni Arthur Keller na mkewe. Binti yao, Helen, alizaliwa tarehe 27 Juni, 1880. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na homa kali, na homa ilipomwacha alikuwa haoni wala hasikii. Mtoto asiyesikia hapati maneno ya kuiga, kwa hiyo Helen alikua bila lugha. Alionyesha haja zake kwa ishara, na asipoeleweka alipiga mateke na kulia. Wazazi walimwendea Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa viziwi. Yeye akawaelekeza wapeleke barua kwa shule ya Perkins, na mkuu wa shule, Bwana Michael Anagnos, akamchagua Anne. Mshahara uliotajwa ulikuwa dola 25 kwa mwezi, pamoja na chakula na malazi.

Sasa natazama jambo la kwanza la mwalimu mwema. Anne hakupanda treni mara moja. Alikaa miezi kadhaa akisoma taarifa za Daktari Samuel Gridley Howe, ambaye ndiye aliyemfundisha Laura Bridgman zamani. Alitaka kujua nini kilifaa na nini hakikufaa. Alikuwa mwenye cheti, tena wa kwanza katika darasa lake, lakini alijua kuwa kujua somo si sawa na kujua kulifundisha.

Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi, 1887. Yeye alikuwa na miaka 20, na Helen alikuwa hajatimiza saba. Mara akaona kwamba jamaa, kwa kumhurumia mtoto, walimwacha afanye apendavyo. Wakati wa kula Helen alizunguka meza akitia mkono katika sahani ya kila mtu. Anne hakukubali aguse sahani yake. Watu wa nyumbani wakatoka chumbani, wakabaki wao wawili, wakashindana kwa muda mrefu, hata Helen akala kwa kijiko na kukunja kitambaa chake. Kisha Anne akawaomba wazazi wampe nyumba ndogo iliyokuwa karibu, akae na mtoto peke yao yapata majuma mawili, ili Helen azoee kumsikiliza yeye. Kapteni Keller alikuwa mwajiri wake na mtu mkubwa mjini, lakini Anne alimweleza kwa adabu kwamba huruma ya namna ile inamdhuru mtoto. Kumwambia ukweli mtu anayekulipa kunahitaji moyo.

Siku ya kwanza tu Anne alikuwa amempa Helen mwanasesere, akamwandikia jina la kitu kile mkononi kwa herufi za vidole. Helen aliiga herufi upesi. Baada ya siku chache aliweza kuandika majina kadhaa, na watu wakafurahi. Anne hakudanganyika. Aliona kwamba mtoto anaiga tu kama kasuku, wala hajui kuwa herufi zile ni majina ya vitu. Hasa alichanganya kikombe na maji yaliyomo. Mwalimu mwingine angewaita wazazi awaonyeshe maneno yale, apate sifa na mshahara wake. Anne aliendelea kutafuta njia.

Tarehe 5 Aprili, 1887, wakiwa katika somo lile lile la kikombe na maji, Helen alikasirika akamvunja mwanasesere wake. Anne akamchukua nje hadi kwenye bomba la maji. Mtu mmoja akapampu, maji yakabubujika juu ya mkono mmoja wa Helen, na katika mkono wa pili Anne akaandika herufi tano za neno la Kiingereza la maji, kwanza polepole, kisha upesi. Helen akasimama kimya. Ghafula akaelewa kwamba herufi zile ni jina la kitu kile cha baridi kinachopita mkononi. Akagusa ardhi akataka jina lake, akagusa bomba, mwisho akamgusa mwalimu wake aambiwe jina lake naye. Siku ile alijifunza yapata maneno 30.

Baada ya hapo Anne aliacha masomo ya saa maalumu. Alikuwa amemtazama mtoto mdogo wa ukoo ule, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuelewa maneno ya wakubwa. Akawaza kwamba mtoto huyo hakufundishwa neno moja moja akiwa amekalishwa kitini, bali husemeshwa maneno kamili mchana kutwa. Akaamua kumsemesha Helen mkononi kama watu wanavyowasemesha watoto wachanga masikioni. Walisoma bustanini, mtoni, chini ya miti, wakishika mayai, vifaranga, vyura na maua. Katika muda wa miezi sita hivi Helen alijua maneno zaidi ya 500, na alikuwa ameanza kusoma maandishi ya nukta nundu.

Hapa naomba niseme neno la kwetu. Mdogo wangu wa kike aliwahi kufundishwa na kijana mmoja aliyelipwa kwa kila somo. Kijana yule alileta maswali anayodhani yatatoka, pamoja na majibu yake, akamwambia ayakariri. Mdogo wangu aliyakariri yote. Siku ya mtihani swali likageuzwa kidogo tu, naye asijue pa kuanzia. Mwaka huu atafanya mtihani wa Kidato cha Pili, na baba ameniomba maoni yangu, kwa kuwa fedha alizo nazo zinamtosha mwalimu mmoja tu. Ndiyo sababu nimezisoma habari za Anne Sullivan kwa makini. Kijana yule alifurahia maneno yaliyoigwa. Anne aliyaona maneno hayo hayo akasema moyoni kwamba kazi bado.

Helen alipokua, watu walianza kushuku kwamba akili inayoonekana ni ya mwalimu, si ya mwanafunzi. Mwaka wa 1892 hadithi aliyoiandika ilionekana kufanana na hadithi ya mwandishi mwingine, na Helen, mtoto wa miaka 11, akahojiwa na baraza la watu wa Perkins huku Anne ametolewa chumbani. Shaka hiyo iliwaumiza wote wawili. Dawa yake ilikuwa moja tu, yaani Helen aonyeshe kazi yake mahali ambapo mwalimu wake hayupo.

Nafasi hiyo ilikuja alipotaka kuingia Chuo cha Radcliffe. Kwa masomo ya aljebra, jiometri, Kilatini na Kigiriki, alifundishwa na mwalimu mwingine wa nyumbani, Bwana Merton Keith, na Anne akawa akiyapeleka maneno ya Bwana Keith katika mkono wa Helen. Kuanzia Oktoba, 1898, kwa muda wa miezi minane, Bwana Keith alifika mara tano kwa juma, kila mara kwa saa moja hivi. Kila alipofika, kwanza alieleza yale ambayo Helen hakuyaelewa katika somo lililopita, kisha akatoa kazi mpya, akachukua mazoezi ya Kigiriki kwenda kuyasahihisha, akayarudisha. Wenzangu wa Kidato cha Nne, utaratibu huo hauna siri yo yote, wala hauhitaji vitabu vya gharama.

Tarehe 29 na 30 Juni, 1899, mtihani ukafanyika. Wakuu wa chuo hawakumruhusu Anne kumsomea karatasi. Aliajiriwa mtu mwingine kuzinakili kwa nukta nundu, mtu ambaye hakuweza kuzungumza na Helen kwa herufi za vidole. Tena alama za aljebra zilizotumika zilikuwa za namna ambayo Helen aliletewa siku mbili tu kabla. Hata hivyo alishinda. Aliingia Radcliffe mwaka wa 1900, na mwaka wa 1904 akapata shahada yake kwa heshima, akiwa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya namna hiyo. Miaka yote minne Anne alikaa kando yake darasani akimwandikia mihadhara mkononi, na usiku akimsomea vitabu, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa yakizidi kuharibika.

Anne hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za upesi, na ndoa yake na Bwana John Macy, waliyofunga mwaka wa 1905, haikudumu kwa furaha. Wala hakutajirika. Kapteni Keller alipopungukiwa na fedha, mshahara wake haukulipwa, naye hakumwacha mwanafunzi wake. Katika mwaka wake wa mwisho alikuwa haoni tena. Alifariki tarehe 20 Oktoba, 1936, akiwa na miaka 70, na majivu yake yakawekwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington. Helen alifariki mwaka wa 1968, na majivu yake yakawekwa hapo hapo karibu na mwalimu wake.

Wazazi wetu, mkitaka kumwajiri mwalimu wa nyumbani, msimwulize kwanza amefaulisha wangapi. Mwulizeni atafanya nini siku ya kwanza. Akisema ataanza kwa kumtazama mtoto ajue amekwama wapi, mpeni kazi. Akisema anayajua maswali ya mtihani, mshukuruni kwa kuja, mkabaki na fedha zenu. Tena mwacheni awaambie ukweli juu ya mtoto wenu, hata kama hamtaupenda, na msimwingilie anapomkaza.

Nasi wanafunzi tuna wajibu wetu. Maji yalimwagika mkononi mwa Helen, lakini aliyeuliza jina la ardhi, la bomba na la mwalimu alikuwa Helen mwenyewe. Mwalimu wa namna ya Anne Sullivan hatutamwona chumbani siku ya mtihani. Kama amefanya kazi yake sawasawa, nasi tumefanya yetu, hatutamhitaji.